Kamba Ishirini na Moja

Wamekuja tena na kamera, wameegesha gari juani,
wanauliza fundi Nehemia Chidumizi alianza lini.
Kibao cha karakana pale Kibaigwa kinasema themanini na nne.
Kibao kiliandikwa na mtu wa rangi, aliyelipwa kwa herufi.
Mimi ni dada yake. Niulizeni mimi.

Alianza Msagali, ana miaka tisa,
wakati punje za uwele zingali maziwa
na kwelea kwelea wanashuka kama blanketi lililokung'utwa.
Kuamia ndege ni kukaa dunguni tangu alfajiri,
kupiga ukemi mpaka koo liote kutu,
na shule unaisikia tu, kengele ya kipande cha reli,
ng'a, ng'a, ng'a, ikivuka korongo bila wewe.
Nehemia alichukia. Baba aliita uvivu.
Yeye akasema: "Kelele hazihitaji mtu. Zinahitaji kamba."

Katani aliifumua kwenye magunia mabovu,
makopo akaokota stesheni ya Gulwe, treni ikishaondoka:
ya maziwa, ya mafuta,
moja la dawa ya ng'ombe, lililonuka hadi mavuno.
Kamba ishirini na moja, makopo yenye kokoto,
zote zikakutana dunguni kama nywele kisogoni.
Ukivuta mara moja, shamba zima linafoka.
Ndege wakahamia ng'ambo, kwa mzee Mlewa,
ambaye jioni alikuja kudai fidia.

Mengine mnayajua, au mmeyapata nusu:
redio ya mwalimu, aliyoifungua na kuifunga,
zikabaki skrubu tatu mkononi na bado ikasoma habari;
Kongwa, alikokwenda kwa miguu kuchimbua vyuma
vya yale mashamba ya karanga, vilivyokuwa kutu kabla hatujazaliwa;
karakana ya reli Dodoma, miaka sita ya ufagio,
akiokota mabaki ya vijiti vya kuchomelea,
vifupi kama kidole cha mtoto.
Mchana anafagia, usiku anachomelea.
Macho yakavimba, mama akayawekea viazi vibichi.

Mashine ya kwanza ya kupura uwele ilivunja kila punje.
Magunia mawili ya mbegu yakawa unga na makapi.
Baba hakumpiga. Alifanya kibaya zaidi:
alikula ugali ule kimya,
mchanga ukilia menoni, mpaka akamaliza.

Ya pili ilikufa Nanenane, viwanja vya Nzuguni,
mbele ya mgeni rasmi mwenye miwani ya jua.
Ilikohoa, ikameza mkanda wake, basi.
Watu wakacheka kicheko cha watu waliolipa nauli.

Ya tatu ndiyo hii mnayoipiga picha.
Iko Manyoni, iko Kondoa,
nasikia hata Wanyaturu wanaigombea foleni.
Siku ya kwanza mama alisimama kando yake,
mikono imening'inia, haijui pa kwenda.
Mikono ile ilipura kwa fimbo tangu usichana,
ikiwashwa na vumbi la uwele hadi ndotoni.
Akajikuna kiwiko, kwa mazoea tu.

Sasa andikeni hili, ndilo nililowakaribishia chai.
Dunguni tulikuwa wawili.
Kamba ishirini na moja hazijivuti.
Alizifunga kwenye dole gumba la mguu wangu,
akaniambia, "Sechelela, ukisikia mbawa, piga teke,"
kisha akaenda shule.

Nilipiga teke msimu ule, na uliofuata.
Alama hii hapa, chini ya kucha. Sogeza kamera.

Hapana, hajasahau.
Kila akija hutazama miguu yangu kwanza,
halafu ndipo anasema mbukwa.