Mti Nambari 417

Kazi yangu ndogo: naosha makasi.
Spiriti, moto, kitambaa, ndipo twende mti wa pili,
maradhi ya huyu yasidandie safari kwa yule.
Kwa hiyo mikono yao nimeiona kwa karibu
kuliko yeyote aliyewahi kuwavisha nishani,
kama yupo.

Mkono wa Oronza Quarta una kovu la msumeno.
Wa Vita umebabuka, kucha zimekatwa hadi nyamani,
na bado humshika kidudu kwa ncha ya kibanio
asimvunje bawa.
Mwezi wa Aprili hutembea kwa magoti katikati ya magugu
akipekua mapovu meupe kwenye mashina ya nyasi;
humo ndimo anamojificha, ndani ya mate yake mwenyewe,
hana hata haya.
"Mia mbili na kumi na wawili," anasema Vita.
Anaandika kwa penseli. Wino hulia ukinyeshewa.

Hapa Salento, kwenye kisigino cha Italia,
mizeituni inakauka ikiwa imesimama.
Mvua inanyesha, mti unakufa kiu:
mishipa imezibwa na kitu kisichoonekana kwa macho.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia.
Hiki kimevuka nguo, kimevuka ngozi,
kimeketi palipopita maji.

Mzee Uccio alikuwa akikata matawi makavu usiku
tusiyaone mchana.
Mficha maradhi! Tulikuta majivu yangali na joto.
"Nileteeni mwanamume anayeijua mizeituni," alisema,
na mimi nikashika makasi vibaya.
Oronza akauliza tu: mti huu, nani aliupandikiza?
Akatazama viatu vyake. "Mama."
"Basi nipishe nimwangalilie mgonjwa wake."

Halafu ikaja 417.
Sikujua. Kwangu ilikuwa karatasi kama karatasi nyingine,
majani manne kwenye mfuko, tarehe, neno *ameambukizwa*.
Oronza alisoma, akasaini, akaomba kopo la rangi nyekundu.
Mti ule bibi yake alifunga pembea.
Alama ya kamba ilikuwa bado ipo, gome limeimeza,
kama pete iliyozama kwenye kidole kinene.
Alichora msalaba wake taratibu, pande zote sawa,
akanirudishia brashi.
Garini hatukuzungumza hadi Gallipoli.
Hapo akasema ana njaa.

Nani atawaimbia watu wa namna hii?
Ushujaa wao hauna farasi.
Ni friji iliyokatika umeme saa nane za usiku
na Vita akakimbia na pajama, amekumbatia barafu ya muuza samaki.
Ni kurudia jaribio lililofaulu,
kwa sababu lilifaulu haraka mno.
Ni kusema "sijui" mbele ya wakulima mia mbili wenye hasira,
na kesho yake kurudi ukumbi uleule, na viti vilevile,
kusema "sasa najua kidogo."

Kidogo chenyewe ni hiki:
nyuma ya kituo cha mafuta, kati ya matairi mabovu,
mche wa mwituni ambao hakuna aliyeupanda
ulikuwa kijani huku wenzake wote wamekuwa kuni.
Tulikata vijiti sitini na vitano.
Mwaka wa kwanza vikafa arobaini.
Mwaka wa pili tukaacha kuhesabu kwa sauti.
Leo vipo vinne.
Vinne! Vita amevipa majina na anakataa kututajia.

Jumapili Mzee Uccio alikuja kitalu,
mkate kwapani, kofia mkononi.
Hakuna aliyemwelekeza.
Alisimama mlangoni, akakanyaga beseni la dawa,
mguu wa kulia, wa kushoto, tena wa kulia,
akafuta soli kwa makini kama mtu anayeingia kanisani.
Kisha akachomoa mfukoni kisu chake cha kupogolea
na kunipa mimi,
nikioshe.