Herufi ya Igombe

Kazi yangu ilikuwa makosa.
Miaka ishirini na tatu, ghorofa ya juu, Mtaa wa Rwagasore,
chini yetu wauza nyavu na betri,
mimi nikiwinda koma zilizozidi
kwa penseli nyekundu niliyoichonga kwa wembe.
Mashine ikishaanza kuunguruma, basi,
lililopita limepita.
Karatasi haina toba.

Moja lilinipita.
Ukurasa wa sitini na moja, riwaya ya marehemu Luhende.
Aliandika: *Aliondoka na mwalo wa Igombe moyoni.*
Mwalo: mchanga, mitumbwi, kelele za wachuuzi.
Nikapiga mwayo, nikapitisha *mwali*.
O ikawa i.
Nakala elfu tatu zikashuka ngazi zimefungwa kwa katani.
Luhende alikuja, akaufungua ukurasa ule mbele yangu,
akaukazia macho,
akamaliza chai yake yote,
akaomba nakala kumi za kugawa.

Kisha nyakati zikageuka.
Duka la Bahitwa, lililobeba katoni nane kila Januari,
likaanza kuuza makava ya simu.
Stoo yetu ya Igogo, mchwa wakasoma kuliko watu.
Mama Kokugonza, mwenye kampuni, akaleta mzani,
riwaya zikauzwa kwa kilo,
na jioni moja pale Kirumba nilinunua karanga za moto
zimefungwa ndani ya sura ya tatu.
Nilizila. Nilikuwa na njaa.
Sura niliikunja mfukoni.

Ndipo akaja Nyanzobe, mpwa wa Mama,
na kompyuta yenye ufa kwenye kioo.
Akatundika mablanketi ndani ya kabati la mafaili,
akaingia, akafunga mlango, akasoma kwa sauti,
jasho likimtiririka,
akinyamaza kila kivuko kilipopiga honi.
Sura ya kwanza bure. Zinazofuata, mia tano, kwa simu.
Nikacheka. Kitabu kisicho na jalada, nikasema,
ni uji bila bakuli.

Wiki ya pili, ujumbe kutoka Ukara,
mwanamke, Nyabise, muanika dagaa:
*Mikono yangu ina magamba tangu alfajiri.
Sijawahi kushika kitabu kikabaki kisafi.
Masikio hayana magamba. Leteni sura ya nne.*
Sikucheka tena.

"Una kosa lolote la zamani?" Nyanzobe akaniuliza.
"Rekebisha hapa, bonyeza pale, simu zote zitapokea.
Sauti nitairekodi upya."
Kosa la zamani!
Nikabonyeza.
Aibu ya miaka kumi na tisa
ikafutika kabla birika halijachemka.
Siku ile nilitembea mjini kama mtu aliyelipa deni,
hata mawe ya kilimani niliyaona mepesi.

Jumatatu, kutoka Nansio: *Mmempeleka wapi mwali?*
Kutoka Magu: *Binti yangu nilimpa jina kwa ajili yake.*
Na kutoka Igombe kwenyewe:
*Bibi anasema alimjua. Alikaa nyuma ya mashine ya kusaga,
alikuwa na mwanya, hakuolewa.
Kwa nini mnamfuta?*

Mwanamke mzima, na mwanya wake,
amezaliwa na mwayo wangu.

Usiku nilibaki peke yangu na faili.
Kishale kilipepesa kando ya ile o,
kinazima, kinawaka,
kama mtu aliyesimama mlangoni hajaambiwa karibu.
Luhende hayupo wa kuulizwa.
Nikaikumbuka chai yake, alivyoinywa bila haraka.
Nikarudisha i.

"Mwangaluka," Nyanzobe aliingia asubuhi.
Akaona. Akauliza, hili toleo jipya
aliandikie nini mbele.
Nikamwambia: Andika, *Limesahihishwa*.

Alinitazama kidogo,
akachukua blanketi,
akaingia kabatini kusoma neno moja.