Kawavu

Alikuja na chenso begani, saa moja ya asubuhi,
ukungu wa Mafinga bado umekalia mabati:
Obeti Nyaulingo, suruali imeganda utomvu wa misonobari.
"Kamwene, fundi. Mashine ina pumu hii.
Ifungue kifua."

Skrubu tatu, sailensa ikabaki mkononi,
nyepesi kama kopo la maziwa lililokwisha,
nyeusi ndani kuliko sufuria ya msibani nje.
Walioiunda waliiachia tundu moja,
dogo, la adabu,
la kumwambia moshi: pita, ila usiongee.

Kuna wanaotoboa kama wanaokomoa. Mimi hupima.
Msumari kwanza, alama; halafu drili, polepole,
tundu la pili litazame mbele,
mbali na vidole vya mkataji, mbali na tangi.
Nyuzi za chuma zikajikunja mezani
kama nywele za mtoto anayenyolewa mara ya kwanza.
Nikapiga tupa kingo, nikapuliza, nikapuliza tena:
chembe moja ikirudi ndani, silinda imechanika,
na hapo usinitafute.

Kisha kabureta. Hapa ndipo vijana wanapoua mashine,
wanaipa pumzi, wanasahau kuipa chakula.
Hewa ikizidi, mafuta yakabaki yaleyale,
injini huimba vizuri sana, sauti nyembamba, ya juu.
Inaimba huku inaungua.
Nikafungua skrubu robo mzunguko, nikasikiliza,
nikarudisha unywele,
hadi ikatoa ule mngurumo mnene wa mtu aliyeshiba.

"Na haka?"
Kaduara ka waya, hakazidi sarafu ya mia mbili,
kameziba masizi.
"Katupe. Ndiko kanakonikaba."

Ulikuwa mwezi wa kumi.
Mwezi wa kumi huku, majani ya msonobari
yamelala chini mekundu, makavu,
yanasubiri cheche moja tu.
Na huku mti ndiyo benki:
ada ya mtoto iko pale mlimani,
bati za nyumba, mahari,
jeneza.

Sikumjibu. Nilimwambia akanywe chai.
Nikakashika kawavu kwa koleo juu ya moto wa gesi
hadi kakawa kekundu, masizi yakapukutika,
nikakainua dirishani kakapitisha mwanga.
Nikakarudisha mahali pake.
Skrubu tatu.
"Tayari," nikasema, na sikusema zaidi.

Alivuta kamba mara mbili, ikaamka.
Mbwa wa mama lishe alihama mtaa.
Gogo la majaribio likakatika kama muhogo wa kuchemsha
na Obeti akacheka hadi gego lake bovu likaonekana.
Elfu kumi na tano, na ahadi ya kuni.

Mwezi ule kila jioni nilitazama vilima.
Moshi ulipanda kwingine, si upande wake.
Nilijisifu peke yangu, kimyakimya,
kama mtu aliyelipa deni lisilojulikana.

Alirudi mwezi wa pili, mvua imekolea,
kuni kwenye pikipiki na juu ya kuni binti yake Tusekile.
"Kamwene," nikamwambia.
"Eeh?"
"Kamwene, Obeti."
"Eeh?"
Mtoto akamgusa bega, akamwonyesha mdomo wangu.

Nilipima vidole, nikapima tangi,
nikayapima hata majani ya mlima mzima.
Sikio lake lilikuwa hapo, mkono mmoja tu kutoka kwenye tundu langu,
na sikulipima.

Nikaingia ndani. Kwenye rafu, nyuma ya makopo ya grisi,
kulikuwa na vizibo vya masikio, vumbi tupu.
Akavipokea, akavigeuzageuza kiganjani.
"Vya nini?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya bonde.
Tusekile akamjibu
kwa mikono.