Shika Tochi

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Ukikosa chenji unabaki na miguu yako.
Hapa Gldani, pembezoni mwa Tbilisi,
ghorofa ya tisa si mbali
mpaka umeme ukatike.

Ulikatika Februari, usiku, theluji ikianguka,
na baba yangu Vazha amelala upande mmoja,
mdomo umekwenda kombo,
neno moja tu likimtoka, nalo halikuwa jina langu.
Nilimshika kwapani. Nikavuta.
Nilifika naye mlangoni.
Miaka thelathini na minane, na magoti yamegoma!
Akaja Nukri wa ghorofa ya saba na mwanawe,
wakamviringisha blanketi, wakambeba kama zulia.
Nukri hakuwa na ubaya aliposema,
"Lamzira, wewe shika tochi."

Nikashika tochi.
Ghorofa ya nne mwanga ukatetemeka:
ni mimi, nilikuwa nahema
kuliko waliobeba.

Watu hudhani ni gauni.
Tsiala mwoka mikate huniuliza dirishani,
umepungua kilo ngapi? Au kuna mwanamume?
Nacheka, nalipa, naondoka.
Nimwambie nini? Kwamba kila alfajiri
napanda ngazi mia moja sitini na mbili
na gunia la viazi mgongoni,
na kwamba viazi vile vina jina?

Mizani ya bafuni nilimpa Nukri.
Anapimia zabibu kavu sokoni, na huapa kuwa inadanganya.
Miaka mingi ilinihesabu kila asubuhi
kama askari wa zamu anavyohesabu wafungwa.
Haikuwahi kuniuliza: unaweza kumbeba nani?

Sitasema uongo, kuna siku nachukia.
Aprili gunia lilipasuka, viazi vikashuka mbele yangu
vikidunda, kimoja kimoja, hadi chini kabisa,
na watoto wakavifuata kwa mayowe ya furaha.
Nikaviokota. Nikaanza upya.
Mwili hausikii matusi. Niliutukana miaka ishirini, haukusogea;
siku nilipoupa kazi
uliamka kabla yangu.

Leo ni Oktoba. Lifti imekufa tena,
na uani wanacheza nardi,
kete zinasikika hadi huku juu.
Baba yuko dirishani tangu asubuhi.
Haombi. Mkono wake mzima
unatupa kete zisizokuwepo.

Nikachuchumaa mbele ya kiti.
"Panda."
Akanitazama kama niliyemtukana.
"Panda, baba. Nimekuwa nikikubeba tangu Machi."

Amezidi viazi kidogo. Ananing'inia upande wa kushoto.
Ghorofa ya nane. Ya saba, na Nukri akafungua mlango,
akanyoosha mikono,
kisha akairudisha. Akawasha simu yake,
akatangulia, akitumulikia.

Ghorofa ya nne nilitetemeka,
lakini mwanga haukutetemeka.
Pumzi ya baba shingoni mwangu, ya moto, ya tumbaku,
ikihesabu kwa ulimi mzito,
tatu, mbili,
kama mtoto anayetaka tufike na hataki.

Uani wazee wakasogeza benchi.
Hakuna aliyesema nimependeza.
Baba akatupa sita mbili, akapiga kelele,
halafu akainua macho, dirisha juu ya dirisha,
akanigeukia.
"Na kupanda?"

"Cheza," nikasema.
Nilikuwa bado nahema.