Niambie Chumvi

Fuateni nyuma yangu, si kando: mawe ya mji huu hayana adabu.
Naitwa Lusangija. Ukipotea, muulize yeyote mwenye kikaango,
ama ananijua ama ananidai.
Wewe mama wa sandali nyeupe, pole mapema.

Tunaanzia hapa Kamanga, kivuko kikitapika watu na kuku,
kwa maana asubuhi ya Mwanza huanzia tumboni.
Supu ya makongoro. Kwato zimechemka tangu saa nane usiku
mpaka mfupa wenyewe ukasalimu amri.
Kamueni ndimu, msiogope huo utelezi.
Bwana Ndaki hapimi kwa upawa, anapima kwa uso wa mteja;
aliyekesha huongezwa mchuzi bila kuomba.

Twende. Makoroboi, chini ya jabali,
ambako sufuria na mitumba vinagombania kivuli kimoja.
Kachori ya Bi Zulekha: ivunje kwanza,
mvuke utoke, ndipo uume.
Nani amekohoa?
Basi umeshafika Mwanza.

(Kijana ananiuliza mbona mimi sili.
Nakuja huko.)

Hii michembe. Viazi vitamu vilivyokatwa, vikaanikwa
hadi vikasahau kama viliwahi kujua maji.
Bibi yangu alivificha kwenye kihenge, akavikalia kama kuku,
na mvua ilipogoma ndivyo vilivyotulea.
Tafuna taratibu,
una kiangazi kizima mdomoni.

Daraja la Mirongo. Hapa hatuli kitu.
Tunaziba pua, tunavuka. Sitawadanganya,
mji si sahani tu.

Na sasa Mwaloni. Magunia ya dagaa marefu kuliko mchukuzi,
wanunuzi wa Kongo wakihesabu noti kwa mate,
korongo wakisubiri mtu ateleze.
Harufu ikikushinda, hesabu mpaka kumi;
kwenye kumi na moja utaanza kuona njaa.

Kaeni kwenye benchi. Sato wanageuzwa, tuna dakika chache.
Kijana, swali lako.

Mwaka juzi homa ilinilaza Bugando siku kumi na moja.
Nilipona vyote isipokuwa ulimi.
Asali, ndimu, shubiri:
kwangu vyote ni karatasi iliyolowa.
Daktari alisema itarudi. Hakusema lini.
Nikataka kuacha kazi. Nani amlipe kipofu
amwonyeshe rangi?
Halafu nikajifunza nyuso zenu.
Ulipofumba macho kwa Ndaki, nikajua kwato zimeiva.
Dada yako alipolamba kidole, kisha akakilamba tena,
nikajua Bi Zulekha ameacha kubania bizari.
Ndivyo ninavyokula. Leo nimeshashiba
kwa midomo saba.

Na yule anayegeuza samaki kwa mkono mtupu,
aliyefunga kanga kiunoni kama anakwenda kugombana,
ni Nyanzobe, mke wangu.
Hajui.
Kila jioni ananiandalia, kila jioni nasema: tamu.
Alianza kuchuuza samaki hapa kwa sababu ya neno hilo,
nililitamka siku ya kwanza, nikiwa bado na haki nalo.
Jana mchuzi ulimtoa mwanetu machozi, akakimbilia mtungi.
Mimi nikasema: tamu.
Nyanzobe akaweka mwiko chini, akanitazama
muda ambao sufuria ingetosha kuungua.
Hakusema kitu. Akaniongezea.

Anakuja. Naweni mikono.
Ugali ni wa muhogo, unavutika, msishindane nao.
Megeni hapa tumboni penye mafuta,
chovyeni kwenye kachumbari, na msinitazame mimi,
tazameni samaki, kama watu wenye njaa tu.

Haya, mama wa sandali, wewe uliye karibu,
jifanye unaniomba pilipili.
Inama.
Niambie chumvi.