Lugha ya Pero

Baba alipoanguka zizini, upande mmoja wa mwili ukazima,
waliniita kutoka Liverpool
nije nishike kondoo mia mbili na kitu
na mbwa mmoja asiyenijua.

Kaa, nilimwambia Pero kwa Kiingereza.
Akanitazama kama karani atazamavyo fomu isiyo na sahihi,
akaenda kulala chini ya trekta.
Mkono mtupu haulambwi, nikadhani.
Nikaleta soseji.
Akaila soseji, akaulamba mkono,
akarudi chini ya trekta.

Siku tatu mvua ya Wales ilikuja kiubavu-ubavu,
kondoo wakatapakaa mlimani,
nami nikiwakimbiza ndani ya mabuti ya baba,
mhasibu wa miaka arobaini na moja
ajuaye kodi za watu wote
na hajui jina la kilima kilichomlea.

Siku ya nne niliteleza matopeni
na neno likanitoka, sijui kutoka pango gani la mwili:
Gorwedd!
Nililisikia kabla sijalijua.
Lilikuwa na harufu ya jikoni, mwaka ule wa sita wa umri wangu,
kabla mama hajafunga sanduku.
Kule ng'ambo ya kijito kitu cheusi na cheupe
kikajibwaga chini, tumbo majanini,
masikio wima,
kikiningoja mimi.
Mimi yupi, sikuuliza.
Nililia kidogo, nikatafuta neno la pili.

Sasa ninayo saba. Pero anayo thelathini.
Nikikosea lafudhi, hupiga mwayo.

Hospitalini, kiharusi kimempekua baba kama mwizi mwenye haraka:
kimechukua jina langu, na la mama,
na la Mungu ambaye alimwimbia kila Jumapili.
Kimeacha maneno ya mbwa tu.
Lala. Subiri. Taratibu. Njoo.

Jana nilisimama mlangoni na koti linadondosha maji.
Mkono wake mzima ulikuwa ukipapasa shuka.
Tyrd, akasema.

Samahani, Lleucu, alisema nesi, uso umemwiva,
anadhani wewe ni Pero.

Sikumsahihisha yeyote.
Nilikwenda, nikapiga magoti,
nikaingiza kichwa changu chini ya kiganja chake.
Kilinukia sabuni ya wodi
na, kwa mbali, kondoo.