Jezi Kumi na Nne

Zilitoka kwenye robota la tatu, gulioni Kibaigwa,
chini ya makoti mazito yasiyo na kazi Ugogoni:
kijani iliyopauka, namba moja hadi kumi na tano,
nne haimo.
Mama Matika alitaka elfu mbili mbili.
Tukamwambia sisi ni timu, si wateja.
Akacheka, akatuachia zote kwa ishirini na gunia la pumba.

Kifuani, daraja la mawe juu ya mto,
na jina ambalo Chilongani, kipa wetu,
alilisoma kama mtu anayetafuna mfupa:
Al-ten-ri-ed.
Tukajiita hivyo.
Kabla ya hapo tulikuwa Mizani,
kwa ajili ya mizani ya sokoni,
ile ambayo kila mkulima anajua inamwibia.

Mimi ni katibu. Kazi ya katibu ni daftari.
Nikawatafuta kwa bando la usiku
nikawakuta Ujerumani, daraja la sita,
nafasi ya kumi na nne kati ya kumi na sita.
Nilidhani Ulaya wote wanashinda.

Tangu hapo nafungua kurasa mbili:
kushoto wao, kulia sisi.
Septemba, kushoto: wamefungwa tatu, nyumbani.
Kulia: moja kwa moja na Mkoka,
mpira ulipasuka dakika ya sabini,
refa akasema hesabu ibaki hapo hapo.

Desemba kiwanja chao kiliganda.
Niliona picha: mzee na koleo
anautafuta mstari wa kati.
Sisi mvua ilikuwa imeshuka,
kipa yuko Njoge anapanda mtama,
nusu ya kikosi imeshika jembe.
Nikaandika kushoto na kulia neno moja:
MASHAMBANI.

Machi walipigwa sita.
Kipa wao, mtu mzima, kitambi kidogo,
kaketi langoni kakumbatia magoti.
Nikamwonyesha Chilongani.
Aliitazama simu mpaka ikazima mwanga,
akasema, "La nne lile si kosa lake."

Mama Matika ndiye anayefua.
Ndoo mbili kwa jezi kumi na nne, maji ya kununua,
na ya kwanza hutoka mekundu kama chai ya rangi.
Ndani ya kola ya kumi na moja
alikuta utepe umeshonwa kwa mkono: T. Brandl.
Akaupapasa kwa kidole gumba.
"Huyu alikuwa anapoteza vitu," akasema.
"Mama yake alichoka."

Mei, siku ya mwisho, saa kumi,
kwao saa kumi ya kwetu, kwetu saa kumi.
Tulihitaji sare kwa Pandambili.
Vumbi lilisimama katikati kama mchezaji wa ziada.
Sajilo aligonga mwamba, mti ukalia,
mpira ukarudi, wakaondoka nao,
wakafunga.

Katibu wa wilaya alikunja karatasi yake.
Nikamuuliza tunashuka kwenda wapi.
"Chini yenu hakuna daraja," akasema.
"Chezeni tu."

Ukurasa wa kushoto niliuacha mweupe siku nne.
Bando lilikuwepo. Sikutaka.
Alhamisi nikafungua: nao wameshuka.
Chilongani akaninyang'anya simu.
"Timu yenye daraja kifuani
inashukaje daraja?"
Nikamweleza kwao kuna la saba,
na la nane, na la tisa, chini huko mpaka la kumi na moja,
na kila moja lina ratiba na marefa wenye filimbi zao.
Akanyamaza.
"Wenzetu," akasema, "hata kuanguka wamejengewa ngazi."

Jezi zilikuwa zimeanikwa kwenye ua wa ghala,
upepo unazijaza matumbo.
Wapakiaji wa mahindi walipita chini yake
bila kuinama.

"Haya," Chilongani akasema, "huko la saba watacheza na nani?"
Nikamsomea orodha, jina moja moja,
naye akiyarudia, polepole,
akitafuna.